Kivinjari cha Njiani

Tulimwacha Umwiza ameshika mgongo wa kiti kwa mikono miwili, kompyuta iko wazi mbele yake, na fundi Lionel anamuuliza swali moja tu. Wiki nzima wasomaji mmenisimamisha barabarani mkitaka nimsaidie kujibu. Simsaidii. Kosa ni lake, na ajibu mwenyewe.

"Yaya Umwiza," Lionel akarudia, kwa heshima ya dada mkubwa, akigusa kivinjari kwenye kioo, "hii navigateur uliitosha wapi?"

"Kwa site ya benyewe," Umwiza akasema. "Niliishusha mimi mwenyewe."

Uongo ulimtoka laini kama siagi. Hata hakupepesa macho. Lakini shingo yake ilianza kupata moto, na kwa Umwiza shingo ndiyo inayosema kweli.

Kwa aliyeanza kutusoma leo, nitakwenda kwa mkato. Umwiza ni karani mkuu wa Fromagerie Kilimani, nyumba ya jibini iliyoko mtaa wa Katoyi, hapa Goma. Wafugaji wa milima ya Masisi hukamua, nyumba hutengeneza, miji mikubwa hula. Vita vilipokaribia mji mdogo wa Sake, makundi ya ng'ombe yakaanza kuhamahama. Kwa hiyo kila Jumatatu asubuhi Umwiza huwaandikia kwa barua pepe vijana wa pikipiki za maziwa, akiwaeleza kundi la nani litapita wapi.

Wiki mbili nyuma, wenye bunduki walilisubiri kundi la mzee Sibomana mahali palepale palipoandikwa. Ng'ombe wakaenda wote. Mchungaji akavunjwa mkono.

Watu wakaulizana: nani alijua? Kidole kikamwangukia Munyakazi, mwendesha pikipiki, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa akichukua maziwa kwa Sibomana. Alhamisi akafukuzwa kazi. Akarudisha pikipiki, akarudisha na simu ya kazi. Aliyeipokea hiyo simu na kuitia kwenye droo ni Umwiza.

Sasa turudi kwa Lionel, maana amebonyeza kitu.

"Kwa site ya benyewe," akasema polepole. "Basi juu ya nini hapa inaandika jina ya clé yangu?"

Umwiza akainama kwenye kioo. Pale kompyuta inapoweka kumbukumbu ya programu ilikotoka, paliandikwa jina la flashi ya Lionel, ileile yenye kamba ya bluu ambayo fundi huyu huivaa shingoni mchana kutwa katika duka lake la mtaa wa Birere.

Njia ya mwongo ni fupi. Yake haikufika hata mlangoni.

"Lionel..."

"Yaya, mi sikukatale kukupatia. Ulikuya kwangu, ulisema nipe navigateur ya muzuri, nikakupa. Lakini leo juu ya nini unanidanganya?"

Umwiza akakaa.

Hapa niseme jambo ambalo mtu wa Goma halihitaji kuambiwa, ila gazeti hili linafika mbali. Mji wetu mega za intaneti ni za kupimwa. Programu moja hushushwa na mtu mmoja, kisha hupita mkono kwa mkono, flashi kwa flashi, kama vile jirani anavyoomba chumvi. Anayeshusha upya kitu ambacho mwenzake anacho huonekana mbadhirifu. Wote tumefanya hivyo. Mimi pia, na wewe unayecheka.

Ila Umwiza alikuwa amepewa mega na ofisi kwa kazi hiyo hiyo. Aende kwenye tovuti ya watengenezaji wenyewe, ashushe kivinjari kimoja salama, akiweke kwenye kompyuta zote za nyumba. Mega hizo alizimaliza siku moja, ameinamia simu, akitazama harusi ya mdogo wake Vanessa kule Montréal. Aliangalia veli, akaangalia keki, akalia kwa furaha hadi mega zikakata katikati ya hotuba ya bwana harusi. Kesho yake akaenda Birere kuomba flashi.

"Hata mimi sikuishusha," Lionel akasema. Sauti yake sasa ilikuwa chini. "Mutu moja wa bateau, wa meli ya ziwa, alikuya kutengenezesha machine yake. Nikaiona kwake, nikakopi. Ilikuwa mbio, haikule mega. Nikaipatia batu. Batu mingi, yaya."

"Na iko na nini?"

"Ni navigateur ya kweli. Lakini mutu aliifungula, akaweka macho ndani, akaifunga tena. Ilikuombaka mise à jour, uifanye mupya, hata siku moja?"

"Hapana."

"Na ukafurahi."

"Nilifurahi," Umwiza akasema. "Nilisema hii iko na adabu, haisumbuwe mutu."

Akafunika uso kwa viganja. Maana yeye ndiye aliyesimama mbele ya mkutano mkuu, amevaa kitenge kipya, akawafundisha wazee wa Masisi namna ya kuchagua kivinjari cha biashara. Wazee hawakuelewa neno, wakawa wanasinzia. Basi akawapa mfano wa maziwa. Maziwa, aliwaambia, unayachukua kwa mwenye ng'ombe. Ukiyakuta njiani kwenye kidumu cha mtu usiyemjua, hujui yameongezwa nini. Kivinjari nacho ni hivyo: kichukue kwa mwenyewe, kikiomba masasisho kipe, na usikiachie kila neno la siri kukumbuka. Wazee wakaamka, wakapiga makofi. Baba mkwe wake alipiga kupita wote.

Na yeye mwenyewe akaenda akanywa ya njiani.

"Mots de passe zote iko nazikumbuka?" Lionel akauliza.

"Zote."

"Zote kabisa? Yaya!"

"Ni sheria ya directeur. Tangu volcan."

Hiyo nayo ni kweli, na si kosa la mwendawazimu. Mwaka ule volkano ya Nyiragongo ilipotapika, mji mzima ukaamriwa kuondoka, mkurugenzi Hilaire alikimbilia Sake na maneno ya siri yote yakiwa kichwani mwake na kwenye simu yake. Katika msongamano simu ikaibwa. Kichwa nacho kikasahau. Aliporudi, jibini lote lilikuwa limeoza, kwa sababu hakuna aliyeweza kufungua barua za nyumba na kuwaambia wateja lolote. Siku hiyo akaapa mbele ya wafanyakazi: mtu anaweza kukimbia, mashine inabaki, basi mashine ndiyo ikumbuke. Tangu hapo kila kompyuta ilipouliza "nikumbuke?", wote walijibu ndiyo.

Lionel akafungua ukurasa mwingine, ule unaoonyesha nani ameingia kwenye sanduku la barua na kwa mashine gani. Akaupitia kwa kidole. Kidole kikasimama.

"Hii machine haiko yenu."

"Haiko yetu."

"Iliingia leo asubuhi. Ilifungula barua moja tu, ile ulituma leo."

Umwiza hakuhitaji kuifungua hiyo barua. Aliiandika mwenyewe kabla hajanywa chai. Ilisema kundi moja tu ndilo linalotembea leo, linashuka kwa njia ya chini nyuma ya ziwa dogo la Lac Vert, na litafika kwenye malisho ya kukodi jioni.

Kundi la baba mkwe wake.

"Yesu wangu," akasema. "Muzee."

Msomaji, umwone vizuri mama huyu. Tangu aolewe na Byiringiro, ambaye siku hizi yuko Kisangani kikazi, hajawahi kulitaja jina la baba wa mumewe. Kwao mke aliyelelewa vema hatamki jina la mkwewe. Humwita Muzee, au babu ya watoto, au hunyoosha tu kidevu upande aliko. Pale mtaani yupo mtoto mwenye jina kama la mzee, na hata huyo Umwiza humwita "wewe mdogo". Mama mkwe wake, kabla hajafa, alimsifu kwa jambo hilo mbele ya wanawake wengine kuliko alivyomsifu kwa kupika.

Akapiga simu ya mzee. Imezimwa. Akapiga tena. Imezimwa. Mzee huzima simu mchana ili betri ifike usiku. Anachokiacha wazi ni redio yake ndogo, inayoning'inia begani kwa kamba ya mkonge, akisikiliza habari za vita na nyimbo za kwaya.

Mlango ukafunguka. Hilaire akaingia anapangusa miwani.

"Mama Umwiza, fundi anasema nini? Tuko sawa?"

Lionel akatazama dari.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Umwiza alilijua hilo tangu utoto, na bado tangu Ijumaa alikuwa amejificha. Ndiyo, tangu Ijumaa! Sikuwaambia wiki iliyopita kwa sababu nilitaka mumpende kidogo kwanza. Ijumaa, kesho yake baada ya Munyakazi kufukuzwa, Umwiza aliona barua mpya imesomwa kabla yeye hajaigusa. Moyo ukamwambia: si Munyakazi, ni kivinjari chako. Akaufunga mdomo wa moyo. Akajisemea nitamwita Lionel Jumatatu, huenda si kitu. Jumamosi simu ya kazi ya Munyakazi ikaita ndani ya droo, na kwenye kioo pakaonekana jina la mke wake, Mukamurenzi. Umwiza akaigeuza kifudifudi, akasukuma droo.

"Directeur," akasema, na sasa akasimama. "Munyakazi hakuuza ngombe za Papa Sibomana. Ni mimi."

"Wewe uliuza?"

"Sikuuza. Lakini ni mimi niliacha mulango wazi."

Akasema yote. Harusi, mega, Birere, flashi, Ijumaa. Alisema bila kuinua macho, akitazama viatu vya Hilaire vilivyong'arishwa vizuri, na akaona jinsi viatu hivyo vilivyorudi nyuma hatua moja.

Alitegemea matusi. Angeyapenda matusi wakati huo, angalau yangekuwa na mwisho. Lakini Hilaire akavuta kiti, akakaa, akakuna kidevu.

"Nani mwingine anajua?"

"Sisi batatu."

"Bien. Basi tusikilize." Sauti yake ilikuwa ya upole kama ya padri. "Muzee wako njo wa kuokoa kwanza. Enda kwa radio, batoe communiqué: njia ya chini iko mubaya, afute safari. Ni yote. Navigateur usiitaje."

"Na Munyakazi?"

"Munyakazi tutamuita pole pole, kiisha mwezi moja, mbili. Tutasema tumemuhurumia."

"Tumemuhurumia?"

"Mama Umwiza, ukisema kwa radio barua zetu zinasomwa, kesho hakuna mufugaji mwenye atatuambia ngombe zake ziko wapi. Nyumba itakufa. Na wewe utakufa nayo. Niko nakufunika, binti yangu. Kubali nikufunike."

Ah, wasomaji, shetani haji kila mara na pembe. Mara nyingine huja na shuka ya kukufunika. Umwiza alitamani ile shuka. Nisiwadanganye, aliitamani kwa mwili wote. Angemwokoa mzee, angebaki na kiti chake, na Jumapili angekaa kanisani mstari wa mbele kama kawaida.

Alifungua droo, akatoa simu ya Munyakazi, akaitia kwenye mkoba. Kwa nini, hata yeye hakujua vizuri. Labda alitaka kuirudisha leo hii kwa mwenyewe. Labda hakutaka ibaki pale ikimngoja.

"Lionel, uko na moto?" Ndivyo Goma wanavyouliza kuhusu pikipiki.

"Iko nje."

Wakaondoka, Hilaire akiwafuata hadi barazani akisema, "Communiqué ya mufupi! Ya mufupi, Mama Umwiza!"

Redio yenyewe ni chumba kimoja upande wa pili wa Katoyi, kuta zimebandikwa trei za mayai ili mwangwi usizunguke. Mtangazaji ni Mama Kahindo, mwanamke mnene mwenye sauti inayojulikana kuliko ya mbunge yeyote. Kabla ya habari za mchana yeye husoma matangazo, ndizo hizo communiqué: nani kafa, nani kapotea, mtoto wa nani kaonekana kambini. Wakimbizi wa Lac Vert humsikiliza, wachungaji wa Masisi humsikiliza, na wanajeshi wa pande zote humsikiliza.

"Andika, nitasoma," Kahindo akasema.

Umwiza akaanza kuandika. Kahindo akachungulia, akatikisa kichwa.

"Mama, mi nikisoma hii, hatageuka."

"Juu ya nini?"

"Wiki iliyopita mutu alinipatia communiqué ya bongo, ya kudanganya. Ilisema njia ya juu iko na bombe. Wafugaji bakageuka, bakakuta bezi bako nabangoja kule kwingine. Sasa kila mufugaji ameapa: Kahindo akisema geuka, wewe endelea." Macho yake yakajaa maji. Naye alikuwa na aibu yake mwenyewe, maskini, na aliibeba kila mchana mbele ya kipaza sauti. "Huyo muzee akinisikia mimi, atakaza mwendo."

"Basi afanye nini?"

"Aongee mutu mwenye anamuamini. Na aseme kitu chenye mwizi hawezi kujua."

Umwiza akatazama kile kipaza sauti. Kilikuwa kimevishwa soksi ya mtoto, nyekundu, ili pumzi isivume ndani yake. Akajua papo hapo kitu gani mwizi hawezi kukijua. Akajua pia kwamba akikisema, hakuna mwanamke wa Masisi atakayekisahau mpaka wote wafe.

"Nipe dakika," akasema.

"Muda hakuna. Habari inaanza."

Lionel, aliyekuwa mlangoni, akasema polepole, "Yaya, ngombe hazikawiye."

Taa nyekundu ikawaka. Kahindo akasalimu wasikilizaji, akasema leo kuna mama mwenye neno lake mwenyewe, akasogea pembeni.

Umwiza akakaribia.

"Mimi ni Umwiza wa Fromagerie Kilimani, bibi ya Byiringiro," akaanza. "Niko nasema na baba mukwe wangu."

Akasimama. Kahindo akampungia mkono, endelea, endelea.

"Niko nasema na Muzee Nsanzimana."

Jina likatoka. Lilitoka jepesi, kama jina la mtu yeyote, na hicho ndicho kilichomuumiza. Nyuma ya kioo, fundi mitambo, kijana wa Rutshuru, aliacha kutafuna. Kwa mawazo ya Umwiza, milima yote ilikuwa imeacha kutafuna. Aliwaona shangazi za mumewe wakishika vifua vyao.

"Muzee Nsanzimana," akarudia, kwa kuwa mara moja haitoshi kwa mtu mwenye upepo masikioni. "Unasikia sauti yangu. Unajua sijawahi kukuita hivi. Usiendelee mbele. Rudisha ngombe pale ngombe za mahari yangu zilikunywa maji. Usimuulize mutu. Wewe unapajua. Rudia, Muzee, nakuomba."

Kahindo akainua kidole gumba. Imetosha. Mkono wake ukaenda kwenye kitufe.

Hapo ndipo Umwiza angeweza kunyamaza. Ile shuka ya Hilaire ilikuwa bado inamngoja mlangoni. Lakini mtu akishavua nguo moja mbele ya watu, ya pili haimtishi sana.

Akaushika mkono wa Kahindo.

"Bado," akasema hewani. "Munyakazi wa pikipiki ya maziwa hakuuza ngombe za Papa Sibomana. Banamusingizia. Mimi nilipewa kazi ya kuchagua navigateur ya bureau. Niliambia batu waichukue kwa benyewe, halafu mimi nikachukua ya clé, ya njiani. Mega za kazi niliangalizia harusi. Hiyo navigateur njo ilikuwa nasoma barua zetu na kubapelekea bezi. Nilianza kujua Ijumaa. Nikanyamaza. Nikaacha mutu wa haki aitwe mwizi."

Akakivuta kipaza sauti karibu zaidi.

"Bureau yote ya Goma, pharmacie, hôtel, bateau, kama navigateur yenu ilikuya kwa clé, muifunge leo. Mushushe ya benyewe. Mots de passe zote mubadilishe, lakini kwa machine ingine yenye haikuguswa. Na mumusamehe fundi, alipewa kama vile mimi nilipewa. Mimi musinisamehe bado."

Taa ikazimika. Kahindo akaweka wimbo wa kwaya haraka haraka, wimbo wa Krismasi, kwa kuwa ndio uliokuwa karibu.

Umwiza alitaka sakafu ifunguke, na Goma sakafu imekwisha kufunguka mara nyingi kwa watu wasioomba. Kwake haikufunguka. Alibaki amekaa na kitenge chake, akisikia aibu ikimpanda kutoka tumboni hadi kwenye mizizi ya nywele.

Simu yake ikaita. Ilikuwa namba ya mzee.

"Nani amenitaja?" Sauti ilikuwa kavu, na nyuma yake ng'ombe walikuwa wanalia.

"Ni mimi, Muzee."

"Ule mutoto wa jirani," mzee akasema, "unamuitaka wewe mudogo, juu ya kukwepa jina yangu. Nilikuwa nakuchekaka. Leo nikasikia umenitaja mbele ya inchi yote, mara mbili. Nikajua kifo iko njiani. Ngombe nilishazigeuza."

Umwiza akalia. Alilia kwa sauti, mbele ya Lionel, mbele ya Kahindo, kamasi na yote.

"Muzee, unisamehe."

"Ya jina, ama ya ile ingine?"

"Byote."

"Ya jina nimesamehe. Uliniita nikapona, nitakukasirikia ya nini? Lakini ile ingine, mukazana wangu, bibi ya mutoto wangu, haiko yangu ya kusamehe. Ni ya Munyakazi."

"Nitamutafuta leo hii. Niko na simu yake hapa. Nitaenda kwake, nitapiga magoti."

Umwiza akasikia fimbo ya mzee ikigonga mawe.

"Kwake haumukute," akasema mwishowe. "Alitufikia asubuhi na miguu. Alinielezea byote. Akasema Muzee, bananiita mwizi, unipe kazi bila malipo, nitangulie mbele yako, nikuangalilie njia. Kama bezi bako, bakutane na mimi kwanza, batu bajue sikukuwa mwenzao. Nikakubali. Iko mbele na saa nzima."

"Kwa njia gani?" Umwiza akauliza, ingawa alijua.

"Ya chini. Ile uliandika."

"Mupigie kelele, Muzee! Mutume mutu!"

"Nilishatuma mutu. Lakini saa nzima ni mbali. Na yeye radio haiko nayo. Nilimuuliza, simu yako iko wapi? Akaniambia iko kwa droo yako."

Simu ya Umwiza ilibaki sikioni, lakini hakusikia tena. Ndani ya mkoba, juu ya magoti yake, kitu kilikuwa kinatetemeka.

Akafungua zipu. Ilikuwa simu ya Munyakazi, na kwenye kioo jina lilelile la Jumamosi. Safari hii hakuigeuza. Akabonyeza, akaiweka sikioni, na kabla hajasema alo, sauti ya Mukamurenzi ikaingia ikimwita mumewe kwa jina la mtoto wao, ina haraka, ina kicheko cha wasiwasi.

"Papa Umutesi! Hatimaye unashika! Niko nasikia kwa radio banasema hauna kosa. Kosa gani? Kila asubuhi si unaendaka kazini?"